Uzi: Rangi nzuri ya bei nafuu kwa maturubai makubwa, tununue ipi na lita ngapi?

TurubaiKubwa
Wakuu, salaam. Kuna kazi ya maturubai manne, kila moja mita 2 kwa 3, ya kutundikwa ukumbini Dar es Salaam. Upande wa magharibi ni vioo vitupu, jua la alasiri linafika ukutani. Kitambaa ni marekani nzito na fremu zina mbao za msalaba katikati. Mchoro una maeneo mapana ya bluu ya bahari na mchanga, halafu nyekundu na njano chache kwenye ngalawa na kanga.

Kwa tyubu za mililita 75, tyubu 13 na kidogo ndiyo lita moja. Kwa bei hiyo kazi haiendi. Naomba kujua: rangi ya maji ya nyumba inafaa au itapasuka na kupauka? Zinahitajika lita ngapi? Na zipi hazina mbadala, lazima zitoke duka la wasanii?

Mkorogaji
Tuanze na lita, maana zikijulikana hata swali la tatu linakuwa jepesi.

Lita moja ya rangi ikitandazwa sawasawa kwenye mita moja ya mraba inakaa unene wa milimita moja. Mkono mmoja wa rola juu ya kitambaa chenye praima (rangi ya msingi) ni kama milimita 0.1, yaani lita moja kwa mita 10 za mraba. Mkono wa kwanza juu ya kitambaa kitupu hunywewa zaidi, weka 0.15.

Una mita 24 za mraba. Praima mkono wa kwanza ni lita 3.6, wa pili 2.4, wa tatu 2.4, jumla 8.4. Ongeza sehemu ya kumi inayobaki kwenye rola na trei, inakuwa lita 9 na kidogo. Mchoro wenyewe kwa wastani wa mikono miwili ni lita 4.8, weka 5.5. Ukipaka kwa kisu hesabu inabadilika kabisa: eneo la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 2 linakula lita 2 peke yake.

Sasa tazama mgawanyo. Katika lita kama 15, tisa ni praima, na katika zilizobaki karibu nusu ni nyeupe ya kuchanganyia. Mchanga ni rangi za udongo, ambazo ni rahisi popote. Rangi kali, yaani bluu, nyekundu na njano, hazitazidi lita moja na nusu. Pesa ya duka la wasanii iende hapo. Bajeti inakufa pale mtu anaponunua nyeupe kwa bei ya tyubu.

BiMsasa
Nakubaliana na mgawanyo huo. Niongeze kuhusu kupasuka.

Rangi ya maji ina maji, unga wa rangi, vijazo (chaki, kaolini, talki) na gundi inayovishika vyote pamoja. Kinachoamua kama itapasuka ni uwiano wa gundi na unga. Gundi ikiwa nyingi, kila chembe inazungukwa na ngozi ya rangi inanyumbuka. Unga na vijazo vikizidi, gundi haitoshi kujaza nafasi kati ya chembe, na rangi inabaki kama chaki iliyoshikamana: haing'ai, inanyonya maji, na ukiikunja inakatika. Rangi nyingi za bei ya chini za ndani zisizong'aa ziko kundi hili. Ukutani hazina shida kwa sababu ukuta haukunjwi. Turubai linapumua, linalegea mvua za masika na kukaza kiangazi, na siku moja litavingirishwa.

Kwa hiyo dukani omba rangi ya nje ya akriliki tupu (gundi yake yote ni akriliki, aina ya plastiki), au ya ndani yenye mng'ao wa hariri. Zote mbili kwa kawaida zina gundi zaidi. Kama kopo halisemi gundi ni akriliki, chukulia kwamba ni ya aina nyingine, ambayo mara nyingi hukakamaa zaidi kadiri inavyozeeka.

Usiamini ndoo kwa uzito wake. Chaki nayo ni nzito, kwa hiyo ndoo nzito inaweza kuwa imejaa titani (unga mweupe unaoficha kilicho chini) au imejaa chaki, mkono hautakwambia. Nunua kopo dogo kwanza, upime hivi:

Kata vipande vya marekani ileile, sentimita 10 kwa 30. Paka mikono miwili, acha siku saba. Kunja kipande juu ya penseli, rangi ikiwa nje. Kisha kikunje kabisa na ukandamize kwa kucha. Rangi inayofaa itaacha alama ya mkunjo tu. Isiyofaa itaonyesha mstari mweupe wa ufa au itamwaga unga.

Chukua kitambaa cheusi chenye unyevu, sugua mara 20. Unga ukibaki kwenye kitambaa, gundi haitoshi.

Kwangua kidogo rangi iliyokauka iwe unga, dondoshea siki. Mapovu yanaonyesha chaki. Rangi nyingi za nyumba zina chaki kiasi, kwa hiyo linganisha makopo mawili matatu kwa pamoja, usihukumu moja peke yake.

Mwisho, piga mstari mweusi wa rangi kwenye karatasi, ukauke, kisha paka nyeupe yako juu yake mikono miwili. Nyeupe yenye titani ya kutosha inauficha karibu wote. Usipige mstari huo kwa kalamu ya maka, wino wake hupenya juu hata kwenye rangi bora na utailaumu bure.

Mpwani_Msa
Kwa nyie wa pwani rangi ya nje ina faida nyingine: imetiwa dawa ya kuzuia kuvu. Turubai likikaa karibu na ukuta wenye unyevu, madoa meusi huanzia upande wa nyuma. Acha nafasi ya sentimita mbili kati ya fremu na ukuta hewa ipite. Kwa sababu ya dawa hiyo, usipige msasa mkavu ndani ya chumba bila barakoa, lowesha msasa.

Na maji ya kuzimulia yasiwe ya kisima chenye chumvi. Chumvi hutoka juu kama ukungu mweupe rangi ikikauka, na ikizidi hufanya rangi igande kama mtindi ndani ya kopo. Tumia maji ya mvua au ya kunywa. Rangi uliyokwisha kuizimua usiirudishe kwenye ndoo kubwa, kwani utaingiza vijidudu na baada ya wiki chache ndoo nzima itanuka.

TurubaiKubwa
Asanteni sana. Je, ile nyeupe ya nje inatosha kuwa praima, au lazima jeso? Na izimuliwe kiasi gani?

BiMsasa
Inatosha, kama imepita majaribio hayo. Jeso ya dukani nayo ni gundi ya akriliki, titani na chaki iliyosagwa ili brashi ishike. Ukiona nyeupe yako inateleza sana, chukua sehemu 4 za rangi na sehemu 1 ya unga wa chaki laini uliolowekwa na maji kidogo mpaka uwe kama uji mzito. Usizidishe hapo, utarudi kwenye tatizo la kupasuka.

Mkono wa kwanza zimua kwa maji asilimia 15 hadi 20 ili rangi iingie kwenye nyuzi. Paka ukisukuma kwa brashi pana, si rola, kwani rola huacha vitundu. Mkono wa pili na wa tatu asilimia 5 au bila maji, kila mkono ukivuka mwelekeo wa uliotangulia. Saa nne kati ya mikono zinatosha Dar. Msasa namba 220 kidogo kabla ya mkono wa mwisho. Ukizimua zaidi ya hapo gundi itatawanyika, kitambaa kitabaki kinanyonya na utalipa kwa lita za rangi ghali juu yake.

Wanaofanya kazi Njombe, Makete au Mbeya mwezi wa 6 na wa 7: rangi ya akriliki inahitaji joto la kutosha ili chembe za gundi ziungane. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, mkono uliopakwa jioni utakauka bila kuungana na utafutika kwa kidole. Paka asubuhi jua likishapanda.

Rangi_na_Namba
Nizungumzie kupauka, kwa sababu jua la magharibi ndilo adui mkubwa wa kazi hii. Kioo hakizuii miale yote inayoharibu rangi.

Jina la mbele ya tyubu halina maana kubwa. Geuza nyuma utafute herufi na namba za unga uliotumika. Rangi za akriliki zinazoheshimika, hata zile za daraja la wanafunzi kama Amsterdam ya Royal Talens au System3 ya Daler-Rowney, huziandika, na zote mbili zinapatikana katika chupa kubwa za mililita 500. Kampuni isiyoandika namba usiipe pesa yako kwa kazi ya kudumu.

Zinazohimili jua na bei yake si kubwa: PW6 nyeupe ya titani, PY42 njano ya oksaidi ya chuma, PR101 nyekundu ya oksaidi, PBr7 za udongo, PBk11 nyeusi ya oksaidi, PB29 ultramarini, PB15:3 bluu ya thalo, PG7 kijani cha thalo. Bahari yako yote inatoka kwa PB15:3, PG7, PB29 na nyeupe. Mchanga unatoka kwa PY42, PBr7 na nyeupe. Hizi za thalo zina nguvu ya ajabu: mililita 250 za PB15:3 zinatosha maturubai yote manne, maana kijiko kimoja kinageuza nusu lita ya nyeupe kuwa bluu.

Shida iko kwenye nyekundu na njano kali. Za kutafuta ni PR254 na PV19 kwa nyekundu, PY154 au PY83 kwa njano. PR112 na PY74 ni za kati, zinakubalika ukizitumia nzito. Za kukimbia ni PR83, ambayo ni alizarini ya zamani, na PR3 ikichanganywa na nyeupe. Kanuni ambayo wengi huisahau ni kwamba unga uleule unaohimili jua ukiwa mzito unaweza kupauka haraka ukiwa umepunguzwa na nyeupe. Waridi hufa kabla ya nyekundu. Kwa hiyo unapojaribu, jaribu mchanganyiko wa sehemu 1 kwa 10 za nyeupe, si rangi tupu pekee. Paka vipande, funika nusu kwa karatasi ya aluminiamu, bandika kwenye dirisha hilohilo la magharibi wiki sita. Kama muda hautoshi, fuata namba.

Rangi za kung'aa kama taa, zile za waridi na kijani za mabango, ziache kabisa. Rangi za posta (poster colour) za shule nazo huyeyuka tena zikiguswa na maji.

TurubaiKubwa
Kopo la rangi ya nyumba halina hizo namba. Nikitaka lita mbili za rangi ya mchanga iliyochanganywa na mashine, nitajuaje?

Rangi_na_Namba
Mashine hutoa kibandiko chenye fomula. Mwombe fundi wa duka akusomee ni rangi zipi zimeingia na kwa kiasi gani. Ukisikia oksaidi ya njano, oksaidi nyekundu, amba (kahawia ya udongo), nyeusi, thalo, uko salama. Ukisikia njano ya kawaida au majenta kwa wingi, badilisha. Rangi za mchanga, matofali, kahawia na kijivu karibu zote hutoka kwenye oksaidi. Maana yake ni kwamba duka la vifaa vya ujenzi lina nguvu kwenye rangi tulivu, na duka la wasanii lina nguvu kwenye rangi kali.

Mkorogaji
Nyongeza kuhusu mashine. Besi ni rangi ya kopo ambayo mashine huitia rangi. Besi nyeupe ina titani nyingi, inafaa kwa rangi nyepesi. Besi ya rangi nzito ina titani kidogo sana au haina. Omba hiyo ya pili bila kutiwa rangi yoyote: ukiwa na lita moja ya besi hiyo ya akriliki ya nje, una gundi ya bei nafuu. Ni nyeupe kama maziwa kopo likiwa wazi, ikikauka inakaribia kuwa angavu. Itumie kuongeza wingi wa rangi kali badala ya maji. Sehemu 1 ya PB15:3 ya wasanii kwa sehemu 2 za besi bado ni bluu nzito yenye ngozi imara, wakati sehemu 1 kwa 2 za maji ni doa tu.

Anayeweza kupata unga wa oksaidi ya chuma, ule wa kutia rangi sakafu ya saruji, anaweza pia kusaga yake. Loweka unga na maji yenye tone la sabuni ya vyombo mpaka uwe kama ugali laini, usage kwa kisu kipana juu ya kioo dakika kumi, ndipo utie besi, sehemu 1 kwa 1 kwa ujazo. Usimwage unga mkavu moja kwa moja kwenye gundi, utapata vidonge visivyosagika.

Rangi_na_Namba
Hapo kwenye unga wa sakafu napinga kidogo, Mkorogaji. Oksaidi yenyewe ni imara, lakini pakiti za sokoni mara nyingi zimeongezwa vijazo, na hujui kiasi. Kwa mita 24 za mraba tofauti kati ya pakiti moja na nyingine itaonekana. Kama ni lazima, nunua ya kazi nzima kwa pamoja na uichanganye yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza. Na bluu ya kufulia nguo isiguswe. Ile ya unga ina ultramarini kweli, lakini imejaa soda na vijazo. Ile ya maji mara nyingi ni rangi ya nguo na itapauka.

Mkorogaji
Sawa, kuchanganya yote kwenye ndoo moja ni sharti. Hata kwa besi na nyeupe fanya hivyo, kwa sababu makopo mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana.

TurubaiKubwa
Vipi steina za chupa ndogo? Na kuna anayenishauri nitumie rangi ya mafuta ya kung'aa kama wachoraji wa tingatinga.

Karakana_Oysterbay
Steina ni unga uliosagwa ndani ya kimiminika kisicho na gundi. Ukizidisha asilimia 5 ya ujazo, rangi itakaa ikinata wiki nzima na vumbi litaganda humo. Ni za kuelekeza rangi nyeupe kidogo. Hazikupi nyekundu ya kanga.

Kuhusu rangi ya mafuta, Edward Said Tingatinga alipoanza mwaka 1968 hapa Oyster Bay alipaka juu ya mbao bapa ngumu za dari, vipande vya mraba. Msingi ulikuwa haukunjiki, na rangi inayokakamaa haikuwa na shida. Tatizo linaanza tunapoipeleka kwenye kitambaa cha mita 3. Rangi ya mafuta ya kopo ina alkidi (gundi itokanayo na mafuta), huendelea kukakamaa miaka na miaka, na nyeupe yake hugeuka njano, zaidi mahali penye giza. Kwenye turubai kubwa nyufa huanzia pembeni na juu ya mbao za msalaba, pale kitambaa kinapogonga.

Ukiitumia kwa sababu unataka ule mng'ao na mistari mikali, kwanza paka praima ya akriliki mikono mitatu, maana mafuta yakifika kwenye pamba tupu huiozesha na kuacha duara la njano kuzunguka kila umbo. Pili, mafuta yanaweza kukaa juu ya akriliki, akriliki haiwezi kukaa juu ya mafuta. Itabanduka kama ganda. Tatu, acha saa 24 kati ya mikono na usipake nene, ngozi ya juu itakauka kwanza na kujikunja. Nne, kwa njano na nyekundu za mafuta tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina madini ya risasi.

Kwa kazi yako, eneo pana la bahari liwe akriliki. Mafuta yabaki kwa mistari ya mwisho, au usiyatumie.

Nairobi_Skrini
Hapa Nairobi wengi hutumia binda (gundi ya rangi) ya kuchapishia fulana pamoja na rangi yake ya maji iliyokolea. Ni akriliki laini sana, haipasuki hata ukikunja mara mia. Lakini ulaini huo ndio udhaifu wake: kwenye joto inanata na kushika vumbi, na bila kupigwa pasi haikomai vizuri. Itumie kwa tabaka jembamba tu. Ile wino ya plastiki ya fulana isiyokauka bila joto la nyuzi 150 na zaidi usiinunue kabisa, kwenye turubai itabaki mbichi milele.

TurubaiKubwa
Orodha yangu sasa: nyeupe ya nje ya akriliki lita 12 kwa praima na kuchanganyia, besi ya rangi nzito isiyotiwa rangi lita 1, mchanga wa mashine lita 2, PB15:3 mililita 250, PB29 mililita 500, PG7 mililita 120, PR254 mililita 250, PY154 mililita 250, nyeusi PBk11 mililita 120. Kuna kinachokosekana?

BiMsasa
Punguza mchanga wa mashine uwe lita 1 na uongeze PY42 na PBr7 mililita 250 kila moja, vinginevyo ufuko wote utakuwa na rangi moja isiyo na uhai. Pia usitumie nyeupe ya praima peke yake kwenye mapovu ya mawimbi. Hapo chupa moja ya PW6 ya wasanii, mililita 500, itaonyesha tofauti mara moja.

Ongeza vanishi ya akriliki ya maji, mng'ao wa hariri, lita 2.5 kwa mkono mmoja. Rangi za nyumba na za wasanii hazing'ai sawa, na bila vanishi jua la pembeni litaonyesha viraka. Subiri wiki mbili baada ya mkono wa mwisho wa rangi. Vanishi ya mbao ya poliyurethani hapana, itageuka njano na haiondoki.

Mpwani_Msa
Na kama yatasafirishwa yamevingirishwa: wiki tatu za kukauka, rangi ikiwa upande wa nje, juu ya bomba la plastiki la inchi 6 au nene zaidi. Katikati weka karatasi ya kuokea isiyonata. Ukiweka nailoni au gazeti, joto la gari litaligandisha kwenye rangi, na kulibandua ni kubandua na mchoro.

TurubaiKubwa
Nimeelewa. Kesho ni kopo dogo dogo la nyeupe tatu tofauti, marekani, penseli na siki. Matokeo ya mikunjo nitayaweka hapa baada ya siku saba.